Kusafirisha betri za lithiamu: mambo ya kujua kabla ya kulipia mzigo

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara wa simu, kompyuta za mkononi, pawabenki au betri za sola anapopiga hesabu ya mzigo wake hutazama mambo manne: bei ya kununulia, nauli, ushuru na faida. Lipo jambo la tano ambalo wengi hulikuta uwanja wa ndege au bandarini, fedha zikiwa zimekwisha kulipwa. Jambo hilo ni kwamba betri ya lithiamu, iwe kubwa au ndogo, huhesabiwa na kanuni za kimataifa za uchukuzi kuwa mzigo wa hatari. Imewekwa katika kundi la 9, lenye bidhaa za hatari mbalimbali.

Kuhesabiwa kuwa mzigo wa hatari si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba mzigo huo una jina lake rasmi, namba yake, vifungashio vyake na karatasi zake. Anayevifuata hivyo husafirisha bila matatizo. Anayeandika jina jingine ili apate nauli ya chini hujiwekea deni ambalo huenda likazidi mtaji wake wote. Wiki hii tunaeleza kanuni hizo kwa lugha ya biashara, ili msomaji azitumie anapozungumza na muuzaji wa Guangzhou au Dubai, na anapozungumza na wakala wake wa mizigo.

Kwa nini betri ni hatari

Ndani ya betri ya ioni za lithiamu kuna pande mbili zinazotenganishwa na utando mwembamba sana, zote zikiwa zimelowa kimiminika kinachoweza kushika moto. Utando ukitoboka kwa sababu ya kubonyezwa, kuanguka, kasoro ya kiwandani au shoti, joto hupanda. Joto hilo huzaa joto jingine, mpaka seli inapasuka na kutoa gesi inayowaka. Seli ya jirani nayo hupata joto na kupasuka, kisha inayofuata. Hivyo ndivyo betri moja mbovu inavyoweza kuteketeza katoni nzima.

Mambo mawili yafaa yakumbukwe. Kwanza, gesi ya haloni ambayo ndege nyingi hubeba kwa ajili ya kuzima moto huweza kuua miali, lakini haiipoozi betri, na moto unaweza kurudi. Pili, betri iliyojaa chaji ina nguvu nyingi zaidi ya kutoa inapoharibika kuliko betri iliyo karibu tupu. Kanuni nyingi za ndege zimejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Yaliyotokea Dubai mwaka 2010

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Dubai kama soko. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Ilikuwa imefika Dubai kutoka Hong Kong, na ndani yake mlikuwa na betri za lithiamu zaidi ya 80,000. Dakika kama 22 baada ya kuruka, kengele ya moto ililia. Marubani waligeuza ndege kurudi, lakini moshi ulijaa chumbani mwao hata wakashindwa kusoma vipimo. Haikupita nusu saa tangu kengele ilie, ndege ikaanguka na marubani wote wawili wakafa.

Ripoti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Falme za Kiarabu ilitolewa mwaka 2013. Katika karatasi za safari ile hapakuwa na mzigo hata mmoja uliotajwa kuwa wa hatari. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba angalau mizigo mitatu ilikuwa na betri zilizostahili kutajwa katika kundi la 9. Watu waliopanga mizigo ndani ya ndege, na marubani wenyewe, hawakujua wamebeba nini.

Baada ya ajali hiyo na nyinginezo, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, lilikaza kanuni. Tangu 1 Januari 2015 betri za metali ya lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo katika ndege za abiria. Tangu 1 Aprili 2016 katazo hilo linazihusu pia betri za ioni za lithiamu zinazosafiri peke yake.

Hatua ya kwanza: fahamu namba ya mzigo wako

Namba nne za Umoja wa Mataifa ndizo za kukariri:

UN3480: betri za ioni za lithiamu (zinazochajiwa) zinazosafiri peke yake.

UN3481: betri za ioni za lithiamu zilizomo ndani ya kifaa, au zilizofungwa pamoja na kifaa chake katika boksi moja.

UN3090: betri za metali ya lithiamu (zisizochajiwa, kama vidonge vya saa na vya rimoti) zinazosafiri peke yake.

UN3091: betri za metali ya lithiamu zilizomo ndani ya kifaa au pamoja nacho.

Wengi hukosea kuhusu pawabenki. Mnunuzi huiona ni kifaa, kwa kuwa ina taa, swichi na matundu ya waya. Kanuni huiona ni betri tupu, kwa sababu kazi yake ni kutoa umeme kwa kifaa kingine. Kwa hiyo simu mpya ndani ya boksi lake ni UN3481, lakini pawabenki ni UN3480, na betri za akiba ambazo mafundi simu huagiza nazo ni UN3480. Pikipiki na baiskeli zinazoendeshwa kwa betri za ioni za lithiamu zina namba yake, UN3556, iliyoingia katika kanuni za ndege mwaka 2025.

Hatua ya pili: piga hesabu ya wati-saa

Ukubwa wa betri katika kanuni hizi hupimwa kwa wati-saa. Hesabu yake ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa. Kama betri imeandikwa kwa miliampea-saa, gawanya kwanza kwa 1,000.

Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 na volti 3.85: 5 mara 3.85 ni wati-saa 19.25.

Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 na volti 3.7: 20 mara 3.7 ni wati-saa 74.

Pawabenki ya miliampea-saa 30,000 na volti 3.7: 30 mara 3.7 ni wati-saa 111.

Betri ya sola ya ampea-saa 100 na volti 12.8: 100 mara 12.8 ni wati-saa 1,280.

Mpaka wa kukumbuka ni wati-saa 100 kwa betri nzima, na wati-saa 20 kwa seli moja. Chini ya hapo kuna nafuu kadhaa. Juu ya hapo, kama ilivyo kwa betri za sola, mzigo hufuata kanuni zote za kundi la 9, uende kwa ndege au kwa meli. Betri za asidi za gari zina kanuni zake nyingine, zisichanganywe na hizi.

Kwa ndege

Simu na kompyuta za mkononi zenye betri ndani, zisizozidi mipaka tuliyoitaja, zinaweza kwenda hata kwa ndege ya abiria. Uzito wa betri zenyewe usizidi kilo 5 katika kila katoni, katoni iwe na alama ya betri za lithiamu, na hati ya mzigo wa ndege itaje kwamba mzigo umefuata kanuni hizo.

Pawabenki na betri za akiba zina masharti magumu zaidi. Huenda kwa ndege za mizigo tu. Chaji yake isizidi asilimia 30 ya uwezo wake. Kwa zile zisizozidi wati-saa 100, kila katoni isizidi kilo 10 za betri. Kwa zile kubwa zaidi kikomo ni kilo 35, na katoni lazima iwe ya aina iliyopimwa na kupigwa chapa ya Umoja wa Mataifa. Tangu Aprili 2022 nafuu iliyokuwa ikiruhusu vifurushi vidogo vya betri tupu kupita bila tamko imeondolewa. Kila mzigo wa UN3480 kwa ndege sasa unahitaji tamko la bidhaa za hatari, lebo ya kundi la 9 yenye picha ya betri, na lebo ya rangi ya machungwa inayosema ni ndege ya mizigo tu.

Kuanzia 1 Januari 2026 sharti la asilimia 30 linazihusu pia betri zinazozidi wati-saa 2.7 zinazofungwa pamoja na kifaa katika boksi bila kuwekwa ndani yake. Anayeagiza mashine za kutobolea zenye betri pembeni na alikumbuke.

Betri iliyovimba, iliyovuja au iliyorudishwa kiwandani kwa sababu ya usalama haipokelewi kabisa kwa ndege. Wanaonunua simu zilizotumika kwa jumla wazikague moja moja kabla ya kufunga.

Kwa meli

Baharini hutumika Kanuni za Kimataifa za Bidhaa za Hatari Melini, zinazotolewa na IMO. Betri zisizozidi wati-saa 100 hupata nafuu kubwa: hazihitaji tamko kamili la kundi la 9, mradi zimefaulu vipimo, wati-saa zimeandikwa juu ya ganda, zimefungwa zisipate shoti, katoni inaweza kuhimili kuanguka kutoka mita 1.2, na ina alama ya betri za lithiamu. Katoni ya betri tupu isizidi kilo 30 pamoja na vifungashio vyake. Hata hivyo, kampuni ya meli ina haki ya kudai zaidi ya hayo, kwa hiyo uliza kabla ya kukodi nafasi.

Betri kubwa za sola huhitaji tamko la bidhaa za hatari, katoni au makasha yaliyopimwa, lebo ya kundi la 9, cheti cha upakiaji wa kontena, na mabango nje ya kontena.

Neno kwa wanaochangia kontena. Mkusanya mizigo anapopakia bidhaa za watu ishirini katika kontena moja, tamko la uongo la mmoja wao huwazuilia mizigo wote. Ukiwa na betri, mwambie kwa maandishi. Na hata kama wewe umepakia nguo tu, muulize ni nini kingine kilichomo.

Karatasi za kudai kabla ya kutoa malipo ya awali

Muhimu kuliko zote ni muhtasari wa vipimo vya Umoja wa Mataifa, unaojulikana kwa namba 38.3. Aina ya betri hupitishwa katika vipimo kama vile shinikizo dogo la hewa kama la angani, joto na baridi, mtikisiko, mshtuko, shoti ya nje, kugongwa au kubonyezwa, na kuchajiwa kupita kiasi. Tangu 1 Januari 2020 watengenezaji na wauzaji wanaofuata wanatakiwa kuutoa muhtasari huo unapoombwa. Angalia kwamba namba ya modeli katika muhtasari ni ileile iliyo juu ya betri yako. Muhtasari wa modeli nyingine haukusaidii kitu.

Karatasi ya maelezo ya usalama wa kemikali, ambayo wauzaji wengi hupenda kuituma, haichukui nafasi ya muhtasari huo. Aidha, mtu anayejaza tamko la bidhaa za hatari awe amesomea kazi hiyo. Kwa usafiri wa ndege mafunzo hayo hurudiwa kila baada ya miezi 24. Weka nakala ya kila karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Gharama ya kuandika jina jingine

Baadhi ya wauzaji humshauri mteja aandike "vipuri vya simu" au "vifaa vya kompyuta" ili kukwepa taratibu. Tazama mifano miwili. Januari 2020 moto ulizuka ndani ya meli ya kontena Cosco Pacific, ikiwa safarini kutoka Nansha, China, kwenda Nhava Sheva, India. Kontena lililowaka lilikuwa na betri za lithiamu zilizotajwa katika hati kuwa vipuri na vifaa. Tarehe 19 Agosti 2021 kontena jingine liliwaka barabarani nchini Marekani likipelekwa bandari ya Virginia. Ndani mlikuwa na betri za lithiamu zilizokwisha kutumika. Hati ilisema ni sehemu za kompyuta. Moto ulitoboa chuma cha kontena. Kama kontena lile lingekwisha kupakiwa melini, msomaji anaweza kukisia yaliyobaki.

Sasa tuje kwenye fedha. Chini ya Kanuni za Hague za mwaka 1924, ambazo ndizo msingi wa hati nyingi za shehena duniani, mpakiaji aliyeweka mzigo wa hatari bila mwenye meli kuujua na kuukubali huwajibika kwa hasara na gharama zote zinazotokana na mzigo huo. Mwenye meli naye anaweza kuushusha au kuuharibu bila kulipa fidia. Bima nayo hujengwa juu ya ukweli: aliyeficha aina ya mzigo wake amempa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa.

Hata asiye na betri huguswa. Meli ikipata moto, gharama zilizotumika kwa makusudi kuokoa safari, kama vile meli za kuvuta, bandari ya kukimbilia na mizigo iliyoharibiwa na maji ya kuzimia, hugawanywa kwa wote walionusurika, kila mmoja kwa thamani ya mali yake. Tuseme meli na mizigo iliyonusurika ina thamani ya dola milioni 80, na gharama hizo ni dola milioni 8. Mchango ni asilimia 10. Mwenye vitenge vya dola 15,000, ambaye mzigo wake haukuguswa na moto, atadaiwa dola 1,500 au dhamana ya kiasi hicho kabla ya kukabidhiwa mali yake. Mwenye bima ya baharini huachia kampuni yake ya bima ishughulikie. Asiye nayo hulipa mwenyewe.

Kwa mwekezaji mdogo

Wapo wasomaji wanaoweka akiba zao katika biashara za sola au pikipiki za umeme, kwa hisa au kwa kuchangia mtaji na jamaa. Kabla ya kutoa fedha, ulizia mambo matatu: betri za kampuni huingia nchini kwa jina gani katika hati, nani hujaza matamko na amesomea wapi, na bima ya mizigo inataja betri kwa jina au inasema tu "bidhaa za umeme". Kampuni yenye majibu ya haraka kwa maswali hayo inaijua biashara yake. Isiyo na majibu inabahatisha kwa fedha zako.

Ukisafiri mwenyewe

Mfanyabiashara anayekwenda sokoni mwenyewe asiweke pawabenki katika begi la kukabidhi. Hubebwa mkononi tu. Ya hadi wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na zisizidi mbili. Zaidi ya 160 haziruhusiwi. Hizo ni za matumizi yako, si za kuuza. Mashirika mengine yana masharti makali zaidi: Emirates, kwa mfano, tangu 1 Oktoba 2025 humruhusu abiria pawabenki moja tu, bila kuitumia ndani ya ndege. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea uwanjani Busan, Korea Kusini, kwa moto ulioanzia kwenye kabati la mizigo ya mkononi, na wachunguzi walisema yumkini chanzo ni pawabenki. Ndege ilikuwa bado ardhini, na watu wote 176 waliokuwemo walitoka hai.

Zoezi

Mfanyabiashara anataka pawabenki 500 za miliampea-saa 20,000, volti 3.7, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 400. Bei ni dola 8 kila moja, na anatarajia faida ya dola 1 kwa kila moja. Fedha amekopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Muuzaji anamwambia aandike "vifaa vya simu" na kuzituma kwa ndege ya abiria. Afanye nini?

Jibu. Namba ni UN3480, na kila moja ina wati-saa 74. Ndege ya abiria haiwezekani kabisa. Kwa ndege ya mizigo, kilo 10 za betri kwa katoni ni pawabenki 25. Jumla ni katoni 20, chaji isizidi asilimia 30, pamoja na tamko na lebo zote. Kwa meli anaweza kufunga pawabenki 60 kwa katoni, yaani kilo 24 na vifungashio juu yake. Katoni 9 zinatosha, kila moja na alama yake, nakala ya muhtasari wa vipimo ikiwa mkononi.

Mtaji ni dola 4,000 na faida inayotarajiwa ni dola 500. Akifuata ushauri wa muuzaji na mzigo ukazuiwa miezi mitatu, riba peke yake ni dola 240, karibu nusu ya faida. Bado hajalipia ghala, faini wala nauli ya kurudisha mzigo ulikotoka, na hapo tumechukulia kwamba hakuna kilichowaka. Akope fedha akiwa amekwisha kuhesabu muda wa meli, na muuzaji asiye na muhtasari wa vipimo amwache, atafute mwingine.